Mita Tatu

Mteja wangu hapigi simu.
Hajaniletea hata kalenda ya mwaka mpya,
halalamikii ada, hajui niko ghorofa gani.
Kwenye majalada anaitwa Taifa la Chile,
na nikilazimishwa kumpa sura
namkumbuka mzee mmoja wa Punta Arenas
niliyemwona siku ya upimaji, kiwanja namba 214:
mbwa wake kainua mguu kwenye kigingi cha serikali,
naye anatazama pande zote kama mwenye shamba.
Ndiye mwenye shamba.
Sikuwahi kumweleza mtu kazi yangu vizuri kuliko mbwa yule.

Kiwanja chenyewe hakikuwa na uzuri wa kusifiwa.
Ghala la sufu lililokufa kabla sijazaliwa,
mabati yakibishana na upepo,
ufuko wa changarawe, boti moja imelala kifudifudi.
Mali bila daftari hupotea bila habari;
basi mimi ndimi daftari,
miaka hamsini na miwili, miwani ya karibu, miwani ya mbali,
na magoti yanayotabiri theluji.

Kampuni ilimleta Vicente Mihovilović.
Tulisoma naye sheria Concepción; alikuwa akinakili kwangu.
Siku hizi saa ya mkononi mwake ingenunua gari langu
na chenji ikabaki.
Tulikaa vikao kumi na kimoja.
Niliachia bei ya mita ya mraba.
Niliachia miaka: ishirini ikazaa thelathini,
thelathini ikazaa arobaini na tisa.
Niliachia maegesho, niliachia bango,
niliachia pango lisilopanda hadi mwaka wa saba.
Mkuu wangu akachungulia mlangoni:
Eliana, mji unataka ajira. Andika.
Nikaandika.

Ibara ya kumi na nne tu niliikalia kama kuku:
*Mpangaji ataacha njia ya umma, upana mita tatu,
kutoka barabarani hadi majini,
usiku na mchana, bila lango wala malipo.*
Vicente alicheka hadi akavua miwani.
Mita tatu! Nani ataenda kuogelea
kwenye maji yanayouma meno?
Hakuna, nikamwambia. Tia sahihi.

Misimu miwili ya baridi, hoteli ikasimama,
vioo vitupu, mawingu yakipita humo bila kulipa.
Jumapili nikavaa koti, nikaenda kuiona ibara yangu.
Nikakuta mnyororo.
Na kijana, jina kifuani: Coñuecar,
masikio mekundu chini ya kofia ya kampuni.
Hapa ni kwa wageni wa hoteli, mama.

Nilikuwa na nakala. Bila shaka nilikuwa nayo.
Nikaanza kumsomea kwa sauti ya mahakamani,
upepo ukachomoa ukurasa mmoja tu,
ule wa sahihi, kati ya kurasa zote,
ukaurusha juu ya ukuta kama anayerudisha barua.
Tuliutazama wote wawili ukienda.
Akainua mnyororo.
Kwa sababu ya baridi, akasema,
si kwa sababu ya hayo makaratasi.

Nikashuka. Hapakuwa na mtu.
Mwani, kiatu cha plastiki, maji ya rangi ya risasi
yakija na kurudi bila kibali.
Nilikaa labda dakika nne.
Nilitamani kusema nilihisi kitu kikubwa;
nilihisi vidole vya miguu vinaniaga.

Wakati wa kurudi ndipo jicho liliposhtuka.
Utepe wa kupimia hukaa mkobani mwangu
kama wanja mkobani mwa wengine.
Ukuta hadi ukuta: mbili na sabini na nane.
Nikarudia. Mbili na sabini na nane.
Sentimita ishirini na mbili, wamezimega kimyakimya
kama mtoto anayelamba keki pembeni.
Mzee angepita. Mbwa angepita. Mimi nimepita.

Kijana alikuwa amesogea, mikono makwapani.
Ni nyingi, akauliza, au chache?

Nikampa ncha ya utepe.
Shika hapo, nikamwambia. Chini kidogo.
Usiuachie.